Msumbiji ya Bi Rukia

Mtu akikwambia Brian alikuwa tapeli, mkatalie. Tapeli ni yule anayechukua hela yako akakuacha na huzuni. Brian alichukua hela yako akakuacha na furaha, angalau mpaka jioni. Alikuwa na meza moja kwenye kona ya duka la kutoa nakala pale soko la Chikongola, Mtwara, na juu ya meza hiyo kulikuwa na dunia ya plastiki, kalamu mbili na kibao kilichoandikwa WAKALA WA SAFARI ZA NDANI NA NJE. Safari za ndani aliwahi kuuza, yaani tiketi za basi la Dar, na kidogo cha juu kwa ajili ya usumbufu. Za nje alikuwa bado anangoja Mungu amfungulie.

Alifunguliwa siku ya Jumatatu asubuhi, kwenye kibanda cha supu.

Meza ya jirani alikaa Josephu, ofisa wa bandarini, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Mtwara miaka mingi iliyopita na ambaye mpaka leo akiamka huuliza kwa nini kuna joto. Supu yake ilikuwa inaganda mafuta. Yeye alikuwa anatazama simu kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

"Shikamoo mzee," Brian akasema. "Supu inapoa hiyo."

"Marahaba. Iache ipoe." Josephu akamgeuzia simu. "Hebu ona mwenyewe. Huyu tupo naye ofisi moja, ngazi moja ya mshahara. Kapeleka familia Uarabuni, kuna bustani ya michezo imefunguliwa juzijuzi huko. Tangu Ijumaa anatuma picha kwenye grupu la wazazi. Watoto kwenye mabembea, mke kwenye mabembea, yeye mwenyewe na tumbo lile, kwenye mabembea. Leo katuma kijana wake anakula aiskrimu. Aiskrimu tu, bwana."

"Inauma," Brian akakubali.

"Binti yangu Happiness kaniuliza jana, baba, sisi nje tutaenda lini. Nikamwambia tutaenda. Akaniuliza tena, lini. Mama yake hakusema kitu. Wewe umeoa?"

"Bado mzee, niko njiani."

"Basi hujui mwanamke asiposema kitu."

Kwa kweli Brian alikuwa njiani, na njia yenyewe ilikuwa inafika mwisho Jumapili. Mchumba wake aliitwa Jesca, msusi mwenye saluni nyuma ya soko, mzaliwa wa hapo hapo. Baba yake Jesca, mzee aliyestaafu kuendesha winchi bandarini, alikuwa amepokea barua mbili za posa, moja ya Brian na nyingine ya Isaya, wakala wa forodha mwenye gari na kitambi kinachoanza. Mzee hakutaka maneno. Jumapili baada ya misa angewangoja washenga barazani kwake, na atakayeleta mahari mkononi ndiye mkwe. Jesca mwenyewe alimtaka Brian, na alimwambia hivyo waziwazi, ila akaongeza kwamba amechoka kusikia hadithi. Na Brian alimpenda Jesca. Hili nalisema wazi kwa sababu katika biashara zake zote hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuliwekea cha juu.

Kwa hiyo alipoitazama ile picha ya aiskrimu, aliona mahari.

"Mzee," akasema, akisogeza kiti, "Uarabuni pamepitwa na wakati. Watu wanaojielewa sasa hivi wanaenda Msumbiji."

"Msumbiji si kuna vurugu?"

"Vurugu ziko bara, mbali huko. Hii bustani iko kisiwani, mdomoni mwa Ruvuma. Kuna Wazungu wamewajengea watoto wao, wameifungua mwezi huu. Ni mpya kiasi kwamba hata mtandaoni haijafika."

Josephu alifikiri. "Ndiyo maana sijaiona."

"Ndiyo maana hujaiona. Unaenda kwa boti Jumamosi asubuhi, jioni uko kwako, Jumapili unatuma picha. Na bei yangu ina kila kitu ndani yake. Boti, kibali cha kuvuka, kiingilio, chakula. Mkifika kule wewe ni kutembea mikono mifukoni. Kitakachodaiwa, chochote kile, natoa mimi."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema kwa madaha, mkono kifuani. Wataalamu wa ujanja wanafundisha kwamba ahadi ndiyo mtaji usioisha. Hawafundishi kwamba kuna siku mtaji unarudi kukutafuta nyumbani.

Josephu alikopa kwenye chama chao cha akiba, akalipa yote kabla ya Ijumaa, na akaomba risiti. Brian akampa risiti yenye picha ya ndege.

*

Sasa ilibaki kuitafuta Msumbiji.

Alipanda bodaboda mpaka kijiji kimoja kilichojificha nyuma ya mikoko, karibu kabisa na mdomo wa Ruvuma, lakini upande wetu, ardhi ya Tanzania isiyo na ubishi. Huko alimtafuta Bi Rukia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mkulima wa korosho na mihogo, mama mpana mwenye sauti ya kupanga foleni. Ikija jando au unyago, yeye ndiye huambiwa nani apike, nani apige ngoma na nani avae kinyago.

Brian alimweleza mpango wote bila aibu, kwani kwa maoni yake watu wa kijijini hawana mtu wa kumwambia. Alitaka vijana wachache, ngoma, vinyago, wale wachezaji wanaotembea juu ya miguu ya miti, na mtumbwi. Na kila mtu azungumze Kimakonde, mwanzo mwisho.

"Na hao wageni wako wakikielewa?" Bi Rukia akauliza.

"Wamekaa Mtwara miaka, mama. Hawajui hata kuamkia. Watadhani ni Kireno."

Bi Rukia akageuza shingo. Mwanawe Kassimu, mwenye boti ya injini, alikuwa amekaa pembeni akichokonoa meno, naye akaacha kuchokonoa.

"Sawa," Bi Rukia akasema. "Tutakufanyia. Tutangulizie basi."

"Nitawalipa kazi ikiisha."

"Huku kwetu ngoma inalipwa kabla haijapigwa."

"Mama, biashara za kisasa ni kazi kwanza."

"Basi kama hutangulizi, utatunza hapo hapo," Bi Rukia akasema. "Ndiyo desturi."

Brian akacheka, akakubali. Yeye ni mtoto wa Dar. Kutunza alikujua kwa kuona harusini, shangazi mmoja anainuka na noti, anambandika mwimbaji kwenye paji la uso, anarudi kukaa. Hakujua kwamba upande huu mwenye shughuli asiyetunza husimamishiwa ngoma katikati, wachezaji wakaganda walipo, wakamtazama mpaka aone aibu. Hakuuliza pia. Alishaanza kupiga hesabu za Jumapili.

*

Jumamosi walianzia ufukweni Shangani, hapo hapo Mtwara. Josephu alivaa suti. Sabina, mkewe, mwalimu wa sekondari, alivaa kofia pana na miwani ya jua iliyomfunika hadi mashavuni. Happiness na mdogo wake Amani walikuwa na maboya ya kuogelea viunoni tangu nyumbani. Brian alikuwa na mkoba wa kiunoni uliofichwa chini ya shati, na ndani yake mahari yote, kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa na mlango wa kusukuma tu.

Kassimu akawasha injini. Aliwazungusha sana. Aliingia bahari kuu, akarudi, akapita kichochoro cha mikoko, akatoka kwenye kingine, na kila kona Brian akaonyesha kwa kidole na kusema mpaka uko pale, bado kidogo, haya sasa tumevuka.

Josephu akafumba macho, akavuta pumzi. "Unasikia, Mama Happiness? Hata hewa ni nyingine."

"Kweli, ni nyepesi," Sabina akasema.

Kisha Josephu akatazama simu yake. Mtandao ulikuwa umejaa. Akamwonyesha Brian kwa fahari kubwa. "Nchi yetu imepiga hatua, kijana. Tuko ugenini na mnara wa nyumbani unashika."

Pwani walipokelewa na turubai, meza na Bi Rukia, aliyevaa kofia ya skauti na koti la kijani kibichi la kuzuia mvua. Mkononi alishika muhuri mkubwa wa kupigia alama magunia ya korosho. Magunia yenye alama hiyo hupita mbele ya ofisi ya Josephu kila msimu, maelfu kwa maelfu, na Josephu aliutazama muhuri ule akaona Uhamiaji.

Bi Rukia akasema maneno marefu kwa Kimakonde.

"Lugha tamu sana Kireno," Sabina akamnong'oneza mumewe. Ndiyo lugha aliyokuwa akipigiwa kelele nayo kila asubuhi na mwanamke anayemuuzia mchicha, na pia lugha ambayo dada wa kazi aliimbia watoto wake mpaka wakalala. Lakini mtu akishaamua kitu si cha maana, masikio nayo yanajifunza.

Kassimu, ambaye sasa alikuwa mkalimani, akasema, "Ofisa anawakaribisha. Mnyooshe mikono mpigwe muhuri."

"Hawatumii karatasi," Josephu akamwambia Sabina. "Nchi za watu wameshaendelea."

Bi Rukia akainua muhuri juu ya mkono wa Happiness. Akina mama nyuma yake wakaanza kuimba. Muhuri ukabaki juu. Wimbo ukakatika ghafla, wote wakaganda, na macho yote yakamgeukia Brian.

"Vipi?" Brian akauliza.

"Mkono wa ofisa umekuwa mzito," Kassimu akasema.

Brian akasogea kwa tabasamu, akainamia sikio la Bi Rukia. "Mama, tulishaelewana. Kazi kwanza."

Bi Rukia akamgeukia Kassimu, akauliza kitu, uso mtupu kabisa.

"Ofisa hajui Kiswahili," Kassimu akatafsiri.

"Anakijua kuliko mimi," Brian akasema huku ameuma meno. "Juzi tu kanifundisha maana ya kutanguliza."

"Brian," Josephu akaita nyuma yake, sauti ya mteja aliyelipa. "Si ulisema kila kitu kiko ndani? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, mzee. Ni taratibu."

Akaingiza mkono chini ya shati, akatoa noti, akambandika ofisa wa Uhamiaji kwenye paji la uso. Vigelegele vikapigwa, muhuri ukashuka. Kisha ukapanda tena, juu ya mkono wa Amani, na hapo ukabaki.

*

Lango la bustani lilikuwa la makuti, na juu yake ubao umeandikwa PARQUE MUNDIAL, yaani Bustani ya Dunia, kwa rangi ya kuandikia mitumbwi. Ndani, lazima nikiri, palikuwa na mambo. Kikundi cha Bi Rukia kilichukua ekseli ya trekta bovu, kikaisimika ardhini, kikaifungia mihimili yenye viti vilivyochongwa pweza, kamba, nguruwe pori, na vijana wanne wakawa wanaisukuma kwa mbio. Kulikuwa na mtelezo wa mbao za mnazi, unakaa juu ya gunia unashuka mpaka kwenye maji ya kina cha magoti. Kulikuwa na mtu mwenye kinyago chenye meno ya kutisha, na wengine watatu waliotembea juu ya miguu ya miti, warefu hadi kwenye makuti, wakicheza sindimba huko juu bila kuanguka.

Happiness alipanda pweza. Vijana wakasukuma, ngoma ikapigwa, pweza akaruka, na mtoto akacheka kicheko ambacho Josephu alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu. Mtu mzima akasimama pale na suti yake, macho yamelowa. Brian alimwona, na kwa nukta moja alijisikia vizuri sana, kana kwamba yeye ni wakala wa safari kweli.

Pweza akasimama. Vijana wakaganda, miguu hewani, wakamtazama Brian.

Alitoa.

Mmoja wa wale wenye miguu ya miti alimruka Sabina kwa mguu mmoja, mwingine ukabaki upande wa pili, na akatulia hapo hapo, Sabina chini yake akiwa ameshika kofia. Brian akatoa. Kinyago kikamkumbatia Amani na hakikumwachia. Brian akatoa.

Baada ya hapo walipelekwa kwa mtumbwi kuona viboko. Walikuwepo kweli, hawakuwa wa kuigiza. Wako mdomoni mwa mto siku zote na hawadai kiingilio. Mtumbwi ulipofika mahali ambapo kiboko mmoja mkubwa alikuwa ametoa pua na masikio, mpiga kasia akaweka kasia magotini, akatazama mawingu.

"Kasia limechoka," Kassimu akaeleza.

"Brian," Sabina akasema polepole, bila kugeuza shingo, "lipe kasia."

Brian hakuchambua noti ndogo na kubwa. Akatoa zilizokuja. Alijaribu kuwaza jinsi ya kugoma, akaona kila njia inaishia kwa kusema, mzee Josephu, hawa ni wakulima wa korosho wa wilaya yako. Alikuwa amejenga nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Chakula cha mchana kilikuwa ming'oko ya kuchemsha na pweza wa nazi. Ming'oko ile, mizizi ya porini ambayo huuzwa Chikongola mafungu kwa mafungu na ambayo Sabina huipita akiwa amekunja pua, hapa ililetwa juu ya jani la mgomba na ua pembeni.

"Hiki Wareno wanakiitaje?" akauliza.

Kassimu alifikiri. "Ni chakula cha wakubwa."

Sabina alikula mafungu matatu. Akajipiga picha akila, akapiga picha kinyago, akapiga picha ubao wa langoni, na kwa kuwa mnara wa nyumbani ulikuwa unashika, hakungoja Jumapili. Akazituma zote kwenye grupu la wazazi, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayelipa kisasi.

*

Jioni boti haikukubali kuwaka. Injini ilivutwa mara kadhaa na mtu ambaye waziwazi hakuwa anaivuta. Akina mama wakajipanga pwani, wakaimba wimbo wa kuaga, wakakata katikati.

Brian akafungua shati mbele za watu, akaugeuza mkoba ndani nje. Ulidondosha kipande cha uzi.

Bi Rukia akautazama uzi, akasema maneno machache. Kassimu akatafsiri kwa sauti ya huzuni aliyoitoa sijui wapi. "Ofisa anasema familia iende salama. Wakala anabaki kwa mazungumzo."

"Habaki!" Josephu akapaza sauti, akasimama ndani ya boti mpaka ikayumba. "Huyu kijana ametulipia kutwa nzima kwa mkono wake. Simwachi nchi ya watu. Nampigia shemeji yangu sasa hivi, ni mkubwa wa polisi, azungumze na wenzake wa huku."

"Mzee, usipige," Brian akasema haraka. "Mambo ya nchi mbili haya. Polisi wakiingia yatakuwa makubwa. Nyie nendeni. Nitabaki mimi."

Hakuna maneno ya kishujaa yaliyowahi kusemwa kwa woga kama hayo. Josephu akatoa kitambaa, akajifuta macho. Happiness akampungia mkono, Sabina akampiga picha. Boti ikawaka mara moja, ikapotelea mikokoni.

Bi Rukia akavua kofia ya skauti. "Haya mwanangu," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "njoo unywe chai."

"Nirudishie hela zangu, mama. Zile ni mahari."

"Ulitunza. Aliyetunzwa harudishi, akirudisha ametukana shughuli ya mtu." Akamimina chai. "Na mahari gani unayokusanya kwa kuwaambia watu sisi ni wageni kwenye mashamba yetu?"

Brian hakunywa. Akainuka, akasema anaondoka, kuna bodaboda barabarani. Bi Rukia akamwonyesha njia kwa kijiko. Hakuna aliyemfunga.

Akatembea mpaka barabarani. Bodaboda ilikuwepo na dereva wake alikuwa tayari kukopesha. Ndipo simu ikalia, Josephu amemwunga kwenye grupu jipya, ikaingia picha yake mwenyewe, amesimama pwani, shati wazi, mkono juu, na chini yake maneno ya Josephu: Ndugu zangu, kijana wetu Brian ameshikiliwa nchi jirani kwa kutulinda mimi na familia yangu. Nimeunda kamati. Tuchangieni atolewe. Chini ya hapo watu walishaanza kuahidi.

Brian akasoma mara mbili. Akiingia Mtwara jioni ile juu ya bodaboda, mfungwa wa Msumbiji ambaye hajavuka hata kijito, Josephu angemkumbatia kwanza na kuuliza maswali baadaye, na shemeji angeuliza maswali kwanza. Akamshukuru dereva. Akarudi kwa miguu mpaka ugenini, akanywa chai imeshapoa.

*

Jumapili, misa ilipokwisha, alimpigia Jesca. Alikaa juu ya kiti cha nguruwe pori, mgongo kwa watu.

"Uko wapi?" Jesca akauliza. Nyuma yake kulisikika vikombe na sauti za wanaume.

"Jesca mpenzi, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Mzee Josephu yuko barazani kwa baba, wanajuana toka bandarini, anasimulia ulivyofungwa. Washenga wa Isaya nao wamekaa, wamekuja na kila kitu. Baba kasema anakungoja wewe uongee kwanza. Mimi nimemwomba. Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, Brian, na usinipe hadithi. Uko Msumbiji, au uko hapa hapa nyumbani?"

Brian alikuwa na akili nyepesi sana, na siku ile ilimponza. Aliona kwa mpigo mambo yote mawili. Akisema yuko nyumbani, basi ni mwongo, tapeli, na shemeji wa polisi angefikiwa kutoka barazani pale kwa simu moja tu. Akisema yuko Msumbiji, ni shujaa, mzee angemhurumia, pengine angeahirisha. Alitaka kusema kweli. Mdomo wake haukuwa na mazoezi.

"Niko Msumbiji," akasema. "Wamenishika vibaya, mpenzi. Mwambie baba anipe wiki moja."

Jesca hakusema kitu kwa muda mrefu. Sasa Brian akajua alichokisema Josephu siku ya supu.

"Mimi nimezaliwa hapa, Brian," Jesca akasema mwishowe, taratibu, bila hasira. "Picha za Mama Happiness nimeziona jana, kabla hata hajafika nyumbani. Kinyago kile nakijua nani kakichonga. Ming'oko ile naila kila msimu. Bi Rukia nimemsuka mara ngapi sijui. Mji mzima umejua, wameamua kumnyamazia mzee Josephu kwa kuwa anaonekana ana furaha, na wanachanga kwa kuwa michango inaenda kwa shangazi zao. Baba naye anajua. Alisema, huyu kijana akikiri mwenyewe, mahari tutazungumza, mtu mkweli anaweza kulipa kidogo kidogo. Nikakaa hapa na simu mkononi nangoja ukiri."

"Jesca, nakuja. Naondoka sasa hivi, saa moja na nusu tu nimefika."

"Kutoka Msumbiji?"

Brian, aliyekuwa amekwisha kuinuka, akakaa tena.

"Kaa huko huko," Jesca akasema, na sauti yake ikakatika kidogo, kwa sababu alimpenda kweli. "Acha nikawapelekee washenga chai."

Simu ikakatika. Mtandao ulikuwa umejaa.

Brian alikaa juu ya nguruwe pori akalia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuangalia kama kuna anayemtazama. Alikuwepo. Bi Rukia alisimama nyuma yake na sahani ya ming'oko, akangoja amalize, kisha akamwekea magotini.

"Michango imefika," akasema. "Kassimu kaipokea kwa niaba ya serikali ya Msumbiji. Tutaezeka lango mabati. Na kuna familia mbili za walimu zimeomba nafasi Jumamosi, Mama Happiness amewasifia chakula. Kijana wa nne wa kusukuma bembea anaenda kuvuna korosho kwa mjomba wake."

Brian akala kidogo. "Mtanilipa?"

"Kazi ikiisha," Bi Rukia akasema.

Jumamosi ile boti ilileta walimu, na wiki zilizofuata ikaleta wengine. Wakati msimu wa korosho unaisha ilileta maharusi wapya, bwana ana kitambi kilichokwisha kukua, bibi harusi ana hina mpaka kwenye viwiko. Brian alivaa kinyago mapema, akafunga kamba nyuma. Jesca akapanda pweza. Aliwatazama vijana wanne waliosimama tayari kusukuma, mmoja baada ya mwingine, akafika kwenye kinyago, akakaa nacho kidogo. Kisha akafungua pochi kabla hata ngoma haijaanza, akainama, akabandika noti kwenye paji la uso la mti.

"Huyu mtangulizieni," akamwambia Bi Rukia kwa Kimakonde.

Brian akasukuma.